Mabuyu: Peremende au Dawa?

Ukipanda basi la Mombasa kutoka Nairobi, tangu Kibwezi hadi Mtito Andei huko Makueni huwezi kukosa kuiona mibuyu. Ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, imejaa vilevile Mutomo na Ikutha. Lakini watoto wetu wa mjini hulijua tunda lake kama peremende nyekundu ya kutia ulimi rangi.

Unga mweupe unaozizunguka mbegu za mbuyu una pektini nyingi. Pektini ndiyo inayoifanya jemu igande. Tumbo haliwezi kuisaga. Hunyonya maji ikawa nzito kama uji. Uzito huo huchelewesha sukari kuingia katika damu. Tena hunasa nyongo utumboni, na ini hulazimika kuchota kolesteroli katika damu ili litengeneze nyongo nyingine.

Je, yafaa kwa kuhara? Mwaka 2001 madaktari wa Bangladesh walieleza kwamba watoto wachanga walioharisha kwa muda mrefu walipona upesi zaidi walipolishwa wali uliotiwa pektini, au ndizi mbichi zilizopikwa, kuliko waliolishwa wali mtupu.

Mama, usikosee hapa. Watoto wale walikuwa mikononi mwa madaktari. Kinachomuua mtoto anayehara ni kuishiwa maji mwilini. Mpe kwanza maji ya ORS, mnyonyeshe, kisha umkimbize zahanati akapewe na zinki. Ukikaa nyumbani ukingoja mabuyu yafanye kazi, waweza kumpoteza.

Siku hizi pia kuna pektini ya maganda ya machungwa iliyokatwakatwa vipande vidogo, inayouzwa kwa vidonge. Katika maabara imeonekana kuizuia galektini-3, protini inayosaidia seli za saratani kushikamana. Lakini ya maabara si ya mwilini: haijathibitishwa kwamba inaponya saratani ya binadamu. Anayekuahidi hivyo anataka pesa zako tu.

Basi tuyatumieje? Nunua mabuyu yasiyotiwa rangi wala sukari. Yaloweke katika maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja mbegu, kisha koroga na maziwa au uji uliopoa. Usiyapike, maana moto huharibu vitamini C. Mgonjwa anayetumia vidonge kila siku amwulize daktari kwanza, kwani pektini huweza kuzuia baadhi ya dawa zisiingie mwilini vizuri.

Mabuyu ni chakula bora. Tuyale kama chakula, na ugonjwa tuupeleke kwa daktari.