Mu bisi ya kazi, simu ya shofere ibaki mu mufuko

Ndugu watumikaji, ninyi munapandaka bisi saa kumi na mbili ya asubui kisha posti ya usiku, munajua vile inaendaka. Mutu anaingia na mavumbi mu masikio, anatafuta kiti cha karibu na dirisha, anafunga macho. Shofere anawasha motere, radio inaandika kwamba simu yake imepatikana, na rumba inapasuka mu mabafle yote ine.

Sisemi muziki ni mubaya. Sisi watu wa Katanga tulikomalia mu gitari. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mu mwaka 1952, na mupaka leo kuna wazee wanapigaka vidole ku meza wakimusikia. Tena radio yenyewe haitusaidie. Bisi zetu nyingi ni za okazyo kutoka Japani, na radio za kule zinakamata paka mupaka 90 MHz, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya pale. Basi mutu anafanya nini? Anachukua simu. Mwenye radio ya kisasa anaunganisha na Bluetooth, mwingine anaingiza kamba mu tundu dogo la mbele, na mwenye hana kimoja wala kingine anauza kile kidude cha kuchomeka ku tundu la kuwashia sigara, kinatuma muziki kwa FM. Kile kinalia kama mbu kila mara motere inapanda, lakini bei yake iko chini.

Shida ni kwamba simu si kaseti. Kaseti uliingiza, ukaiacha, ikaimba mupaka mwisho. Simu inaita. Inaleta ujumbe. Inaruka ku wimbo wenye mutu hapendi, na kidole kinaenda kuutafuta mwingine. Na ikiwa imeunganishwa na radio, ikiita, muziki unakatika na mulio unajaza bisi nzima: shofere anashituka mbele ya wote.

Mimi nilikuwa ndani siku moja kama ile, ku barabara ya Kolwezi na Likasi, mu wakati wa mvua. Simu iliita mu mabafle. Shofere akanyoosha mukono kuikata, macho chini kidogo tu. Mbele kulikuwa kamyo imekufa mu barabara, na yale matawi ya majani yenye tunajua wote yamepangwa nyuma yake. Matawi hakuyaona. Alipoona kamyo, alivuta volani na tukaingia mu mufereji. Mwenzetu mmoja alivunjika mukono. Mimi nilitoka na kichwa chenye kuvimba, na viatu vyangu sikuviona tena.

Mufanye hesabu: bisi yenye kukimbia kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kila sekunde. Kuangalia simu sekunde tatu ni metre 50 zenye hakuna mutu anaendesha. Na barabara yetu ni ile munaijua: kamyo za katodi zinateremuka kwenda Kasumbalesa, zingine zinapanda na asidi, na watoto wanavuka na bidomu za maji.

Kisha ajali, wakubwa walisema kosa ni la shofere, akafukuzwa mu juma lile lile. Wengi kati yetu walipiga makofi. Mimi pia, sitaficha. Lakini kisha nilikutana naye ku soko, nikamuuliza: "Yaya, juu ya nini ulikuwa unapiga muziki nguvu vile?" Akanijibu: "Papa delege, mimi nilitoka ku nyumba saa munane ya usiku. Nilipeleka ba posti ya asubui, nikarudisha benu. Kama muziki hauko, minalala ku volani."

Jibu lile ndilo lilinifanya niandike leo. Kode ya Kazi, sheria 015/2002, inasema kazi isipite saa 45 kwa juma. Sisi wa ndani ya kariere tunaipiganiaka ile sheria kila mara. Lakini shofere wetu ni wa sosiete ya sutretansi. Hayuko mu orodha yetu na hana delege, na saa zake anazihesabu mwenyewe mu kichwa. Tunamupa roho zetu 30 kila asubui, kisha hatumuulize kama alilala. Muziki ule wenye unatukasirisha ndiyo dawa yake ya usingizi, na ni dawa mubaya, sababu mutu anaweza kusinzia hata chini ya bafle.

Kwa hiyo mu mukutano wetu na wakubwa tutapeleka mambo mawili kwa maandishi. Saa za mashofere wa sutretansi ziandikwe mu karatasi na delege wetu azione, sababu mutumikaji akiumia mu njia ya kwenda ao kurudi ku kazi, ile inahesabiwa ajali ya kazi, na sisi ndio tunaenda kupanga mulolongo ku CNSS. Na simu ya shofere izimwe mbele bisi haijaondoka. Wale watasema hatuna haki ya kugusa kontra ya sosiete ingine. Vizuri, waseme vile mbele ya mwenzetu wa mukono.

Kuhusu muziki wenyewe hatungojee ruhusa ya mutu. Mu bisi yangu tulipatana hivi: asubui kisha posti ya usiku, kimya, jioni ya kwenda, muziki. Simu inakaa kwa mwenzetu wa kiti cha nyuma, kila juma mutu wake, na yeye ndiye anaunganisha. Shofere mupya alikubali bila maneno, aliomba paka tusimuwekee ndombolo mu kona ya milima. Juma hili zamu ni ya kijana mmoja wa soudure, anapiga paka nyimbo za ibada kutoka kambi mupaka ku mulango wa kariere. Wazee wananung'unika, lakini Siku ya Kwanza simu inahamia kwangu.