Sindano ya Joto Isirudishwe kwa Macho

Ndugu shofere, nawe fundi, tablo ya gari ikitengenezwa upya, sindano ya joto hung'olewa. Wengi huirudisha kwa kukisia, halafu inaonyesha baridi huku moteri inaungua.

Chovya sonde katika sufuria ya maji, nyuzi zikiwa zimefungwa, mwili wake ukigusana na chuma cha gari. Fungua kontakti. Kipima-joto kikifika digri 80, bandika sindano kwenye 80. (Kile cha dispansari msikiombe, kinaishia 42.) Usingoje maji yachemke ukidhani ni 100: penye mita 1,700 huchemka karibu 94.

Gari lisilopimwa hivyo, mimi naona lisipandishe wafanyakazi Luofu. Shofere aliyedanganywa hushtukia mvuke, akafungua kifuniko cha radiatere, akaungua uso na macho. Ngojeni ipoe kabisa.