Elimu ya uraia: watafiti vijana wa Lubumbashi watafute kazi wapi?

Mjini Lubumbashi, kijana mwenye kumaliza masomo ya sheria, siasa ao ualimu, na anayetaka kuendelea na utafiti juu ya demokrasia na haki za raia, kwanza macho yake yanaangalia mbali: Dakar, Brussels, Berlin. Ni kweli, milango iko kule. Lakini kuna mlango mwingine karibu na nyumba, na ni Katiba ya inchi yenyewe iliyoufungua. Vijana wengi wanaupita bila kuuangalia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 45, inalazimisha wenye mamlaka kufundisha na kueneza haki za binadamu, uhuru wa kila mtu na wajibu wa raia. Inataja hata vitabu vya kufundisha: Katiba yenyewe, Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Wanajeshi, polisi na watu wa usalama nao lazima wajifunze haki hizo. Kifungu cha 142 kinaongeza kwamba serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Kiswahili ni moja ya hizo nne.

Ni kusema, sheria inadai kazi kubwa: kutafsiri, kueleza, kutayarisha masomo, kupima kama watu wameelewa. Mashuleni somo la uraia liko. Chuo kikuu pia, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analikuta. Lakini mara nyingi anashika vifungu kwa kichwa, kwa Kifaransa, anaandika mtihani, kisha anasahau. Na mama mwenye kuuza unga katika Komini Kenya, ambaye hakuenda chuo, nani anamweleza?

Mfano wa feza za madini

Chukua jambo ambalo kila mtu wa Haut-Katanga anazungumzia: feza za migodi. Sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa ile malipo ambayo kompanyi inatoa juu ya madini inayouza, ile watu wa migodi wanaita redevansi. Kwa kila dola 100 zinazolipwa, 50 zinaenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao usultani ambapo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kompanyi lazima itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa jirani.

Mkaaji wa Ruashi ao wa Komini Annexe anayejua hii hesabu anaweza kwenda kwa wakubwa wa komini na kuuliza: zile 15 zimefanya nini hapa? Asiyejua, atalalamika tu nyumbani. Na tangu tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa miji mikubwa ya majimbo wamechagua washauri wa komini. Ni hao wanaopitisha bajeti ya komini, na sheria inawapa pia kazi ya kumchagua burgumestre. Kumfundisha mtu namna ya kuongea na mshauri aliyemchagua ni elimu ya uraia kabisa. Kuchunguza komini zote saba za Lubumbashi, kuona wakaaji wanajua nini na hawajui nini, ni kazi ya kutosha memwari nyingi na hata tezi ya udaktari.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Mwezi wa Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataweka tume ya kutayarisha Katiba mpya. Toka ile siku, wengine wanaunga mkono, wengine wanapinga. Mwalimu wa uraia hana kazi ya kumwambia mtu aseme ndiyo ao hapana. Kazi yake ni kumwonyesha kifungu cha 218, kinachosema nani anaweza kuomba Katiba irekebishwe. Rais yuko ndani, serikali iko, wabunge na maseneta wako, lakini wananchi 100,000 wenye kutia sahihi nao wako. Kisha amwonyeshe kifungu cha 220, kinachotaja mambo yasiyoguswa, kama hesabu ya mihula ya rais na urefu wake. Amkumbushe pia kwamba Katiba ilikwisha kuguswa mwaka 2011, wakati uchaguzi wa rais ulipotolewa kwenye duru mbili na kuwekwa duru moja. Mtu asiyejua hayo atamfuata mwenye kupiga kelele zaidi.

Lubumbashi inajua bei ya kelele. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa kwenye kampasi ya chuo kikuu. Haikupita hata mwezi mmoja toka Mobutu atangaze mwisho wa chama kimoja. Mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa. Ubelgiji ukasimamisha ushirikiano wake, na chuo kikikosa ushirikiano, watafiti vijana ndio wanaumia kwanza. Halafu miaka ya 1992 na 1993, maneno ya chuki ya wanasiasa yakaishia kwa kufukuzwa kwa watu wengi sana wenye asili ya Kasai kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga.

Milango ya inje

Bursi, ni kusema feza za kusomea, ziko. CODESRIA, shirika la watafiti wa Afrika lililoanzishwa Dakar mwaka 1973, inasaidia vijana katika sayansi za jamii, na utawala wa kidemokrasia ni moja ya mambo inayoshughulikia. Kuna pia shirika la vyuo vikuu vya lugha ya Kifaransa, AUF, DAAD ya Ujerumani, na ARES pamoja na VLIR-UOS za Ubelgiji.

Lakini milango hiyo ni myembamba na inaweza kufungwa. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, iliyokuwa ikilipia mafunzo mengi ya uchaguzi na uraia. Kwa wenzao wa Goma na Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka ule ule, njia ikawa ngumu zaidi: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na safari ya kutafuta viza ikawa ndefu na ya gharama.

Tena, wanaochagua dosiye hawatafuti mtu wa kurudilia vitabu vya Ulaya. Wanatafuta anayejua jambo la kwao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anajulikana mbali kwa sababu alikusanya maneno ya wafanyakazi na wakaaji wa mji huu. Na historia ya mji iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa jina la waliokuwa maboyi wa Wazungu, kwa Kiswahili cha hapa, leo inasomwa katika vyuo vikuu vya inje.

Kinachokosekana

Kijana hawezi kufanya hii kazi kwa njaa. Asistanti wengi wapya wanangojea muda mrefu bila mshahara, na serikali haiwezi kusema kifungu cha 45 kinaheshimiwa wakati mwenye kukitekeleza halipwi. Komini zifungue bajeti zao kwa watafiti. Chuo kikuu na ISP, inayotayarisha walimu, ziombe kila memwari ya uraia iwe na kurasa chache za Kiswahili, zinazoweza kusomwa redioni na katika mikutano ya kartiye.

Kwa anayetafuta bursi, jambo moja la kulinda mfuko. Tangazo la kweli liko kwenye ukurasa wa shirika lenyewe, pamoja na tarehe na masharti. Mwenye kukuomba utume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili "afungue dosiye" anatafuta kukula. Na mwenye kuwa bado na wakati kabla ya tarehe ya mwisho aanze na kartiye yake: aulize watu ishirini kama wanamjua mshauri wao wa komini, na aandike majibu yao.