Kabla hujailaani, itazame!

Wadau, kama wikiendi hii hamna pa kwenda, wekeni Bongo Muvi pembeni kidogo mtafute Life of Brian, komedi ya mwaka 1979 ya kundi la Waingereza waitwao Monty Python. Ndiyo, ile ile inayosemwa inamkashifu Yesu. Hapa Mwanza nimeambiwa hivyo na watu wengi, na kila ninayemuuliza kama ameiona... hola!

Yesu anaonekana mwanzoni tu, akihubiri mlimani, na hakuna anayemcheka. Wanaochekesha ni watu wa nyuma kabisa, ambao hawasikii vizuri na wanabishana amesema nini mpaka wanatwangana ngumi. (Nani hajawahi kusimama nyuma pale Furahisha, spika zikikoroma?)

Brian ni jirani yake, kazaliwa zizi la pili. Mamajusi wanakosea mlango, wanatoa zawadi, halafu wanarudi kumnyang'anya mama wa watu dhahabu yake! Akiwa mkubwa anawakimbia askari wa Kirumi, anajifanya nabii ili wasimtambue, anaropoka mawili matatu, na papo hapo anapata waumini. Anakimbia tena, kiatu kinamvuka. Basi! Hawa wanasema kiatu ndiyo ishara, wale wanashikilia kibuyu alichokiacha. Dakika mbili hazijapita, madhehebu tayari. Akikana kwamba yeye ni masihi, anaambiwa masihi wa kweli ndiye anayekana.

Kampuni ya EMI iliogopa ikajitoa, George Harrison wa Beatles akaingiza hela zake. Ireland na Norway zikaipiga marufuku. Waswidi nao wakaitangaza kwamba inachekesha hadi Norway wameifungia!

Sasa naambiwa sisi tusiione kwa kuwa ni watu wa dini. Mimi nasema tuione kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2011 si tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500? Hadi mawaziri walikunywa. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana ili wakanyage mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Ishirini! Siwacheki marehemu hata kidogo, wala sicheki shida zilizowapeleka pale. Lakini hebu niambieni, siku ile aliyelichezea jina la Mungu alikuwa mchekeshaji? Mchekeshaji wa 1979 alikuwa ameshatuonyesha kibuyu na kiatu, sisi tukabaki kubishana kama ni dhambi kumtazama.

Wachungaji na masheikh makini hawana cha kuogopa humu. Anayeuza chupa za maji madhabahuni ndiye atakayekosa usingizi.

Angalizo: kuna sehemu Brian yuko uchi kabisa, kwa hiyo msiitazame na wakwe. Na Kiingereza chake kinakwenda mbio, wekeni maandishi chini. Mimi ningelipa kiingilio mara mbili kuiona kibanda umiza cha Igoma, DJ akiitafsiri kwa Kiswahili, hasa pale kwenye kibuyu.