MAARIFA YA NYUMBANI: Akiba ya umeme huanza na daftari



Hapana haja ya kueleza giza ni nini kwa mtu anayeishi Buyenzi, Kamenge, Gitega au Ngozi. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka katika nguvu za maji, na maji hupungua kiangazi kinapokuwa kirefu. Bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986, lina uwezo wa megawati 18. Mtambo wa Rusumo, wenye megawati 80, tunaugawana na ndugu zetu wa Rwanda na Tanzania. Miji nayo inakua kila mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye busara hangoji giza limkute, bali hujiwekea akiba.

Jamaa wengi wamekwisha kuanza. Hununua betri, huiunganisha na inveta, na juma la kwanza nyumba yote hufurahi. Baada ya miezi michache betri haishiki tena chaji, na fedha zilizokusanywa kwa taabu zimepotea. Muuzaji hulaumiwa, fundi hulaumiwa, na mara nyingi mwenye kosa ni hesabu ambayo haikufanywa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili tuchukue daftari na kalamu kabla ya kuchukua koleo na bisibisi.

MTAMBO WENYEWE NI NINI?

Mtambo wa akiba una viungo vinne. Cha kwanza ni chaja, ambayo huchukua umeme wa mtaani wa volti 220 na kuushusha ili uingie katika betri. Cha pili ni betri, ambayo ndiyo ghala. Cha tatu ni fyuzi, mlinzi wa ghala. Cha nne ni inveta, ambayo huchukua umeme wa volti 12 wa betri na kuugeuza uwe wa volti 220, ili taa na redio ziutumie kama kawaida. Katika baadhi ya mashine za dukani, chaja na inveta hukaa ndani ya sanduku moja, lakini kazi zao ni zile zile.

HESABU YA JIONI MOJA

Tuchukue nyumba ya kawaida, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Kila chombo kina namba ya wati iliyoandikwa mgongoni. Zidisha wati kwa idadi ya saa, nawe utapata wati-saa.

Balbu 4 za LED, kila moja ya wati 7, kwa saa 5: wati-saa 140.
Redio ya wati 10, kwa saa 3: wati-saa 30.
Televisheni ndogo ya wati 40, kwa saa 2: wati-saa 80.
Kuchaji simu 2: wati-saa 30.

Jumla ni wati-saa 280. Inveta nayo hula kidogo katika kazi yake, kwa hiyo tuongeze sehemu moja ya tano, yaani 56. Sasa tuna wati-saa 336. Gawanya kwa volti 12, tunapata ampea-saa 28.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Husema: "Kama nahitaji 28, basi betri ya ampea-saa 30 yanitosha." La hasha! Betri ya risasi haipendi kukaushwa. Ukitumia zaidi ya nusu ya akiba yake kila siku, unaifupishia maisha. Kwa hiyo 28 yetu yataka betri isiyopungua 56. Na kwa kuwa betri huchoka kadiri inavyozeeka, ni afadhali kununua ya 100. Mtu atakayeitumia robo na ushei kila jioni atakaa nayo miaka kadhaa.

Sasa tupime pasi ya umeme ya wati 1,000. Pasi hiyo ingevuta karibu ampea 100 kutoka katika betri ya volti 12, na katika muda usiofika nusu saa ingekuwa imevuka mpaka wa usalama wa betri hiyo ya 100. Ndiyo sababu pasi, jiko la umeme na birika la umeme havina nafasi katika mtambo wa namna hii. Friji nayo yahitaji hesabu yake, kwa maana mota yake, wakati wa kuanza, huvuta mara kadhaa zaidi ya wati zilizoandikwa.

BETRI IPI?

Betri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha ichajiwe mara moja. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha, bamba hizo huchakaa upesi. Tafuta betri iliyotengenezwa kwa kutoa umeme polepole na kwa muda mrefu, ile inayouzwa kwa ajili ya mitambo ya jua. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini rahisi ni ghali.

Siku hizi zipo pia betri za lithiamu. Ni nyepesi, hudumu zaidi, na zaweza kutumiwa hadi karibu asilimia 80 ya akiba bila madhara makubwa. Hata hivyo zahitaji chaja inayolingana nazo, na bei ya kuanzia ni ya juu. Mwenye uwezo asiziogope. Asiye na uwezo asione haya kuanza na risasi, ambayo imekuwa ikitumika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoivumbua mwaka 1859.

KUUNGANISHA

Chagua mahali pa baridi, penye hewa, mbali na chumba cha kulala. Joto ni adui: kila nyuzi 10 zinazopanda juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Ndugu zetu wa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika walikumbuke hilo zaidi ya wale wa milimani. Betri ya maji, inapochajiwa, hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu katika hewa ya chumba. Kwa hiyo sanduku la betri liwe na matundu juu, kwa maana hidrojeni hupanda. Pasiwe na mshumaa, sigara wala jiko la makaa karibu. Inveta isiwekwe ndani ya sanduku hilo, maana yaweza kutoa cheche.

Kwa hesabu yetu, inveta ya wati 300 yatosha, kwa kuwa vyombo vyote vikiwaka pamoja havifiki wati 100. Ukiweza, chagua ile inayotoa umeme wa wimbi laini. Ile ya bei rahisi, ya wimbi la ngazi, huunguruma katika redio na kuchemsha mota. Inveta ya wati 300 ikifanya kazi yote huvuta karibu ampea 30. Waya kati yake na betri uwe wa shaba, wa milimita 10 za mraba, na usizidi urefu wa mita moja na nusu. Waya mwembamba hupata moto, na moto huo ni mwanzo wa msiba.

Fyuzi ya ampea 40 ikae katika waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri. Waya wa chaja nao uwe na fyuzi yake. Wako wanaodhani volti 12 haziwezi kudhuru. Ni kweli kwamba hazimrushi mtu. Lakini spana ikiangukia vichwa viwili vya betri, mamia ya ampea hupita na chuma hugeuka chekundu. Vua pete, bangili na saa kabla ya kuanza. Unganisha chanya kwanza, hasi mwisho. Unapofungua, anza na hasi. Vaa miwani, kwa maana ndani mna tindikali. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 bila kukoma, kisha nenda zahanati.

Chaja iwe ya kiasi cha sehemu moja ya kumi ya betri: kwa betri ya 100, chaja ya ampea 10. Kurudisha zile 28 za jioni, pamoja na kinachopotea njiani, kwahitaji saa 5 au 6, maana mwisho wa kuchaji huenda polepole. Mtaa unaopata umeme kwa saa 2 tu kwa siku hautaijaza betri hiyo. Hapo ni lazima kuongeza paneli ya jua pamoja na kidhibiti chake. Tena, chaja isichomekwe kamwe katika inveta ya betri ile ile. Huko ni kumimina maji kutoka mtungi mmoja kuyarudisha mtungi ule ule, na mengine yakimwagika.

JAMBO LISILO NA MSAMAHA

Ndugu msomaji, sehemu hii uisome mara mbili. Baadhi ya watu huchukua waya wenye plagi pande zote mbili, wakachomeka upande mmoja katika inveta na mwingine katika soketi ya ukuta, ili taa zote za nyumba ziwake. Umeme huo hauishii ukutani. Hupitia mita, hutoka mtaani, na ukifika katika transfoma hupandishwa kuwa maelfu ya volti. Kule juu ya nguzo yupo fundi wa REGIDESO anayetengeneza waya akiamini kwamba umekatwa. Naye ana mke na watoto wanaomngoja jioni. Wewe ulitaka kusikiliza taarifa ya habari. Yeye hatarudi nyumbani.

Njia salama ni mbili tu. Ya kwanza, tumia waya wa soketi unaotoka moja kwa moja katika inveta, usiogusana na ukuta popote. Ya pili, mwite fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kugeuzia, ambayo haiwezi kuunganisha umeme wa mtaani na wa betri kwa wakati mmoja. Na volti 220 za inveta huua sawasawa na zile za mtaani. Watoto wafundishwe hivyo.

KUITUNZA

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache, huonyesha karibu volti 12.7, ikifika nusu huwa karibu 12.2. Nunua mita ndogo ya kupimia volti, wala usingoje king'ora cha inveta, kwani mara nyingi hulia karibu na volti 10.5, betri ikiwa imekwisha kuumia. Betri isilale tupu: ichaji mara umeme urudipo. Kila mwezi fungua vifuniko vya betri ya maji, na kama maji yamepungua, ongeza maji maalumu ya betri baada ya kuchaji. Usiongeze tindikali, wala maji ya bomba. Betri iliyofungwa kabisa isifunguliwe.

Siku betri itakapokufa, usiipasue nyuma ya nyumba ili kupata risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi, kwa sababu udongo waliochezea ulikuwa umejaa mabaki ya betri. Irudishe kwa muuzaji au mnunuzi anayeipeleka kiwandani nzima, na udai bei yake, kwa maana bado ina thamani.

Kwa ufupi: hesabu kwanza, fyuzi karibu na betri, hewa ya kutosha, nusu isivukwe, na plagi mbili zitupwe. Mama na baba wakiyafuata haya, mtoto atamaliza kazi yake ya shule chini ya balbu ya wati 7, bila moshi wa kibatari machoni.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maji ya mvua nyumbani. Hadi hapo, kwaherini.