Neno "orijino" halitoshi kumlinda mwenye gari

Dereva wa teksi mjini Gisenyi akiambiwa na fundi kwamba pedi za breki zimekwisha, huonyeshwa visanduku viwili. Kimoja kina jina la kampuni iliyounda gari lake, na bei yake iko juu. Kingine kina jina asilolijua, na bei yake ni nafuu sana. Anatakiwa achague: orijino au ya kawaida? Kwa mwenye mkopo wa gari na ada ya shule, jibu hujulikana kabla ya swali.

Lakini swali lenyewe lina kasoro. Kampuni za magari hazitengenezi kila kipuri. Toyota hununua vingi kwa Denso na Aisin, na kampuni hizo huuza vipuri pia katika visanduku vyenye majina yao wenyewe. Kwa hiyo kipuri kisicho na jina la Toyota si lazima kiwe kibovu. Na chenye jina hilo si lazima kiwe cha kweli, maana jina hughushiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya spea, kibaya huvaa nguo za kizuri na kujiuza vilevile.

Kuna jambo jingine linaloihusu Rwanda zaidi ya majirani zake wa mashariki. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, sawa na Japani, yanakotoka magari na spea nyingi za mitumba. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Taa ya mbele iliyotoka kwenye gari la Japani na kupitia Mombasa na Kampala inaweza kuwa orijino kabisa, lakini ikifungwa Rubavu hutupa mwanga wake mrefu upande wa kushoto, machoni mwa dereva anayekuja. Orijino hiyo ni hatari.

Wapo wanaotaka vipuri vya bei nafuu vizuiwe vyote mpakani. Hatua hiyo ingeyaegesha magari ya wanyonge bila kuwagusa wenye kughushi, ambao bidhaa yao huingia na jina zuri. Kioo cha pembeni au bampa ya bei ndogo haimuui mtu. Breki, usukani na matairi ni habari nyingine. Barabara ya Musanze hupita juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremka Gisenyi hadi ufuko wa Ziwa Kivu. Kwenye mteremko huo pedi hupata moto, na iliyotengenezwa ovyo hupoteza nguvu pale hasa inapohitajika. Mkaazi wa Rubavu hahitaji kuelezwa maana ya lori lililokatika breki.

Kinachohitajika ni ukweli dukani. Kila stakabadhi ya kipuri cha breki, usukani au taa itaje aliyekitengeneza, namba yake, gari kinalolifaa na kama ni kipya au mtumba. Muuzaji aandike jina la duka lake na awajibike. Fundi naye amkabidhi mteja kisanduku pamoja na kipuri cha zamani, ili ijulikane kilichotoka na kilichoingia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Sheria yake ya mwaka 2006 kuhusu viwango na uhakiki wa ubora inataka alama ya ubora iliyotolewa katika nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine. Mashirika ya viwango ya Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania yapo. Yaanze na vipuri vichache vinavyobeba uhai wa watu, na yapeane majina ya bidhaa ghushi zinazokamatwa, ili mzigo uliokataliwa Kampala usije kupokelewa Rubavu kama mgeni.

Soko la pamoja limerahisisha safari ya kipuri kutoka bandarini hadi Petite Barrière. Sasa taarifa zake zisafiri nacho. Dereva aliyeelezwa ukweli atachagua kwa mfuko wake na kwa akili yake. Aliyefichwa ukweli hachagui kitu, na abiria waliokaa nyuma yake hawakuulizwa kabisa.