Tezi Imeondolewa: Je, Mama Atarudi Alivyokuwa?

Juma hili twataka kuzungumza juu ya tezi ambazo wengi wetu hatujui hata kuwa tunazo. Ni nne kwa kawaida, kila moja yakaribia ukubwa wa punje ya mchele, nazo zimejificha shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Huitwa parathairoidi. Majina yamekaribiana, lakini kazi ni mbalimbali. Hizi ndogo huchunga kiwango cha kalsiamu katika damu. Kiwango kikishuka, hutoa homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake na figo zisiiache kalsiamu ipotee kwenye mkojo. Kikirudi mahali pake, tezi hunyamaza.

Maradhi huanza pale tezi isipotaka kunyamaza. Kwa wagonjwa wanane hivi katika kila kumi, huwa ni tezi moja tu iliyoota uvimbe, usio wa saratani, ikamwaga homoni usiku na mchana. Mifupa hunyang'anywa akiba yake, na kalsiamu iliyozidi hupita kwenye figo na kufanya mawe. Wanawake hupatwa takriban mara tatu zaidi ya wanaume, na zaidi wale ambao hedhi imekwisha kukoma.

Shida kubwa ya maradhi haya ni kuwa kila dalili yake ina jina jingine tayari nyumbani. Uchovu huitwa uzee. Kusahau chungu motoni huitwa mawazo. Hasira na huzuni huambiwa ni mambo ya ukomo wa hedhi, maumivu ya mifupa ni baridi yabisi, na kufunga choo ni kwa sababu ya kula vibaya. Mama aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri sasa hukaa kitandani hadi jua lipande, na maneno huanza: amekuwa mvivu, amejiachilia. Wengine hupelekwa kusomewa. Kusomewa hakuna ubaya. Ubaya ni kusomewa miaka mitano bila hata siku moja kupimwa kalsiamu na homoni ya parathairoidi katika damu.

Tiba ya kuung'oa ugonjwa huu ni upasuaji. Kwa mpasuaji mzoefu wa tezi hizi, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona, na kwa madaktari kupona maana yake ni kalsiamu kuwa ya kawaida miezi sita baada ya upasuaji. Hiyo ni hesabu ya maabara. Sisi twauliza ya pili, ambayo mara nyingi haiandikwi katika karatasi ya hospitali: siku za mama huyu zitakuwaje?

Swali hili ni la tangu mwanzo wa tiba yenyewe. Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari Felix Mandl alimwondolea tezi iliyovimba kondakta wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imelika hata kazi ikamshinda. Maumivu yalipungua, akaweza kutembea tena kwa mkongojo, ingawa miaka kadhaa baadaye maradhi yalimrudia. Kisha kuna habari ya nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, ambaye kimo chake kilipungua kwa zaidi ya sentimita 15 kwa kuporomoka mifupa. Alipasuliwa mara sita bila mafanikio. Mara ya saba, mwaka 1932, tezi ilipatikana imejificha kifuani. Lakini mawe yaliyokwisha kujengeka hayakuondoka pamoja na tezi, naye alifariki wiki chache baadaye kufuatia upasuaji wa jiwe la njia ya mkojo. Kwa hivyo yapo yanayorudi upesi, yapo yanayorudi polepole, na yapo yasiyorudi kabisa. Familia ikizijua tofauti hizi mapema, itamwepushia mama lawama nyingi.

Yanayoweza kurudi upesi ni yale yasiyoonekana. Mwaka 1998 mpasuaji wa Kanada, Janice Pasieka, na mwenzake walichapisha utafiti uliotumia dodoso la dalili 13, ambazo mgonjwa mwenyewe huzipima uzito wake: kuchoka upesi, unyonge, huzuni, kubadilika kwa hali ya moyo, kukasirika, kusahau, maumivu ya mifupa, ya viungo na ya tumbo, kuumwa kichwa, ngozi kuwasha, kiu, na taabu ya kuinuka kutoka kitini. Waliwalinganisha na watu waliofanyiwa upasuaji wa thairoidi, ili isemwe kwa haki kama nafuu yatokana na kuondolewa tezi au na kupasuliwa tu. Waliotolewa parathairoidi ndio waliopata nafuu iliyo wazi. Twaipenda orodha hii kwa sababu aliyeulizwa ni mgonjwa mwenyewe. Mume au binti aweza kukaa na mama na kuyaandika mambo haya kabla ya upasuaji, kisha tena baada ya miezi mitatu.

Hata hivyo, siku za kwanza zaweza kutisha kuliko ugonjwa. Mifupa iliyokuwa ikinyang'anywa kwa miaka huanza kuivuta kalsiamu kwa pupa, na damu ikapungukiwa. Mgonjwa huhisi ganzi na vijisindano pembezoni mwa midomo na kwenye ncha za vidole, na misuli huweza kukakamaa. Ndiyo maana hupewa vidonge vya kalsiamu, mara nyingi pamoja na vitamini D, avimeze mara kadhaa kwa siku. Asiviache kwa kuwa "ameshapona". Ganzi ikizidi, au mikono ikijikunja, arudishwe hospitali saa hiyohiyo bila kungoja asubuhi. Sauti nayo yaweza kukwaruza kwa siku au wiki kadhaa, kwani neva ya sauti hupita karibu sana na tezi hizi. Kwa mwalimu wa madrasa hili si dogo. Sauti isiporejea, amwambie daktari, wala asiilazimishe kwa kusomesha. Na shingo ikikaza, aswali kwa kukaa mpaka kuinama kutakapomwia wepesi.

Wengi hupata Ramadhani ikiwa bado wameza vidonge mchana na usiku. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, basi ruhusa hiyo aipokee, na daktari ndiye aseme ni lini vidonge vyaweza kupangwa baina ya futari na daku.

Mifupa ndiyo inayochelewa. Kipimo cha uimara wake huongezeka taratibu kwa mwaka mmoja, miwili, na hata zaidi. Katika muda huo mama aweza kujihisi mzima huku mfupa wa nyonga ukiwa bado dhaifu, kwa hivyo msala wenye utelezi na ngazi isiyo na taa ni hatari zaidi kwake kuliko mizigo ya sokoni, ingawa nayo mizigo wabebe vijana. Pingili za mgongo zilizokwisha kubonyea hazirudi, na figo iliyoharibika sana hairudi upya. Mawe mapya hupungua, lakini yaliyopo hushughulikiwa kivyake.

Yafaa tuwe waadilifu tuseme pia kuwa si kila mtu huona badiliko kubwa. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 2007, kwa wagonjwa wenye ugonjwa hafifu, haukuona tofauti ya maana katika ubora wa maisha baina ya waliopasuliwa na walioendelea kuangaliwa tu. Lakini wale waligunduliwa mapema, katika nchi ambazo kalsiamu hupimwa kwa urahisi kabla mtu hajaumwa. Kwetu mara nyingi mgonjwa hufikishwa kwa daktari akiwa ameshavunjika mfupa au ana mawe, na huyo upasuaji humpunguzia taabu anayoijua kwa jina. Anayeambiwa kuwa ugonjwa wake ni hafifu asione haya kumuuliza daktari ni nafuu gani hasa aitarajie.

Jambo jingine latuhusu sisi wa pwani. Tezi hizi huweza kufanya kazi kupita kiasi kwa kukosa vitamini D tu, na hapo zote nne huhangaika, huku kalsiamu ikiwa ya kawaida au pungufu. Jua letu ni kali, lakini mwanamke anayefanya kazi ndani mchana kutwa na kutoka akiwa amejifunika aweza kukosa vitamini hiyo. Tiba ya hali hii si kisu. Hatusemi stara ipunguzwe. Ua wa nyumba, mikono na miguu wazi kwa muda mfupi mahali pasipo na macho ya watu, yatosha kusaidia, pamoja na kipimo cha damu kwa anayeshuku. Wanaotumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo nao wamkumbushe daktari, kwani baadhi ya vidonge hivyo hupandisha kalsiamu.

Na anayengoja upasuaji asiache maziwa wala dagaa kwa hofu ya kalsiamu, isipokuwa ameambiwa na daktari wake, kwani chakula kikipungukiwa kalsiamu, tezi huzidi kuchokozwa. Maji ndiyo asiyapunguze, hasa miezi ya kaskazi. Karatasi zote za vipimo ziwekwe katika bahasha moja: kalsiamu na homoni kabla ya upasuaji, kalsiamu ya miezi sita baadaye, kisha ya kila mwaka, na kipimo cha mifupa. Bahasha hiyo ashike mtu mmoja wa nyumbani, na aende nayo kila siku ya kliniki.